Mjomba, kiti cha baba sio kibovu, ni mimi

Mjomba shikamoo.

Naandika nikiwa kazini, mlango nimeusukumia, maana hili sijamwambia mtu hata mume wangu hajui. Jina langu usiweke, sema tu Kimara, Kimara ni kubwa hakuna atakayenijua.

Baba yangu ana miaka 68. Alikuwa dereva wa malori, Dar Tunduma, Dar Lubumbashi, miaka thelathini na kitu hajawahi kupindua gari na hilo atakwambia kabla hujakaa. Mwaka juzi akapata kiharusi, upande wa kushoto ukalegea, mkono ndo haufanyi kitu kabisa, mguu anauburuta. Mazoezi kafanya, kuongea anaongea vizuri (na matusi yote ya barabarani yamerudi kama yalivyokuwa), ila kutembea ni hatua tano sita na fimbo basi kachoka. Mama alishatangulia kwahiyo tukamleta kwangu.

Sasa kaka yangu yuko Marekani, Ohio, akapata kule kiti mwendo cha umeme, mtumba ila kizima, akakipakia kwenye kontena la watu wake kikafika baada ya miezi mitatu. Siku ya kwanza tu jirani mmoja anajifanya fundi akachomeka chaja ukutani, moshi, kumbe ilikuwa ya umeme wa kule. Tukahangaika tukapata nyingine. Kiti kikawaka, na mjomba sijamuona baba anafurahi vile tangu msiba wa mama. Kesho yake saa moja asubuhi kashavaa, kanyoa, anaenda kijiweni kucheza drafti. Mtu aliyekaa ndani mwaka mzima anaangalia ukuta!

Ila anavyokiendesha. Yani wiki ya kwanza kamkanyaga mwanangu wa miaka minne vidole kucha ikatoka. Fremu za milango zote zimechubuka upande wa kushoto, ukuta wa koridoni kuna mstari mrefu kama umechorwa. Dukani kwa Mangi alikuwa anatoa hela mfukoni, mkono wa koti ukanasa kwenye ile joistiki, kijiti cha kuendeshea (yeye anaiita gia), kiti kikaruka mbele kikazoa kreti za soda, chupa kumi na moja nimelipa mimi. Halafu huku kwetu ni milima unajua, siku hiyo anapanda kutoka kijiweni kaning'iniza kiroba cha mchele kilo kumi kwa nyuma ya kiti, magurudumu ya mbele yakanyanyuka juu, vijana wa bodaboda ndo wakamdaka. Aliporudi hajasema, nimeambiwa na watu.

Nikamwambia baba punguza mwendo kidogo. Akanijibu "nimeshuka mlima Kitonga usiku na tani thelathini mvua inanyesha, leo wewe unifundishe kiti?" Hapo ukiongeza neno umekosa adabu.

Ndo nikafanya nilichofanya. Yule jirani alishanionyesha vishikio viwili vyekundu nyuma chini karibu na mota, ukivigeuza kiti hakiendi tena kwa umeme, kinasukumwa kwa mkono kama toroli. Basi kila siku asubuhi kabla ya kwenda kazini nikawa navigeuza. Baba akiwasha taa zinapepesa tu, hakiendi. Jumapili nikiwepo navirudisha, "naona leo kimejirudi chenyewe". Hii ni wiki ya tatu. Kaka yangu huko kashaambiwa betri zimekufa na anatafuta mpya, kaniambia zinaweza kufika dola mia tatu na ushuru hajaweka. Mimi nanyamaza.

Alhamisi iliyopita dada wa kazi akanipigia analia. Baba alikaa kwenye kiti barazani, kikagoma, akajisukuma kidogo na ule mguu mzima, kiti kikaanza kuteremka uani, uwanja wetu una mteremko hadi getini, akaenda nacho mpaka geti likapiga paa. Kachubuka goti basi, Mungu mkubwa. Jioni ananiambia "hiki kiti siku hizi hakinisikilizi" na sauti yake ilikuwa ndogo mjomba, sijaizoea.

Nifanyeje. Nimwambie? Au nikiuze tu kiti niseme kimekufa, nimnunulie kile cha kusukumwa, awe salama na mimi nipate usingizi?

Binti wa dereva, Kimara

---

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka, hapo kwenye matusi ya barabarani, halafu nikafika kwenye vishikio vyekundu nikaacha kucheka. Mimi mwenyewe nakalia kiti cha umeme mwaka wa tisa huu kwahiyo nitakujibu kama mtu wa ndani na utanisamehe nikiwa mkali sehemu.

Ngoja nikueleze ulichokuwa unakifanya maana naona hukukijua. Hicho kiti hakina breki ya kukanyaga wala ya mkono. Breki zake ziko kwenye mota, kila mota na yake, na zimetengenezwa kinyume na mtu anavyofikiria: umeme ndo unaziachia, umeme ukikatika zinabana zenyewe. Ndo maana akiachia joistiki kinasimama, akizima kinasimama, betri ikifa katikati ya mlima kinasimama hapo hapo kama jiwe. Vile vishikio kazi yake ni kuzitoa breki kazini ili mtu mwingine akisukume. Sasa wewe hukukizima kiti mwanangu. Umekiweka nyutro. Baba yako aliyeshuka Kitonga miaka thelathini, umemuweka nyutro kwenye mteremko wa kwako bila kumwambia. Muulize siku moja dereva anayeshuka Kitonga kaweka nyutro abane mafuta wenzie wanamwitaje, kama matusi yamerudi kweli utayasikia yote.

Geti ndo lilimuokoa. Siku lingekuwa wazi sijui tungekuwa tunaongea nini.

Kwahiyo swali la kumwambia au kutomwambia halipo hapa. Unamwambia leo, akishakula, watoto wasiwepo, na usianze kwa hadithi ndefu ya ulivyokuwa na hofu. Anza na tendo: baba, kiti hakikuharibika, nilikuwa nakigeuza mimi. Halafu nyamaza akasirike. Atakasirika na ana haki. Ila kuna kitu hukukiandika na mimi nimekiona kwenye hiyo sauti ndogo. Mtu aliyepigwa kiharusi chombo kikimgomea hakilaumu chombo kwanza, anajishuku mwenyewe. Anawaza labda mkono wa pili nao unaenda, labda akili. Baba yako wiki tatu anajitazama mkono wa kulia kimya kimya. Mtoe hapo. Hasira zitaisha, wewe ni bintiye.

Kukiuza usikiuze. Cha kusukumwa atakiendeshaje na mkono mmoja, atazunguka duara. Maana yake atakaa kusubiri msukumaji, na msukumaji uko kazini, basi tumerudi kwenye kuangalia ukuta. Tena mzee anayekaa tu kutwa nzima anapata vidonda vya makalio na mguu ule unazidi kukaza, hiyo nayo sio salama, ni vile haipigi kelele kama chupa za soda.

Sasa tuje kwenye uendeshaji, maana hapo una hoja na mzee kakosea pia, chupa kumi na moja sio mchezo.

Kilichonishtua kuliko vyote ni ule mstari wa ukutani. Kila kitu kushoto. Fremu kushoto, koridoni kushoto. Hiyo sio papara ya dereva, papara ingegonga kote. Kuna mambo mawili na lazima ujue ni lipi kabla hujamsema tena. La kwanza ni kiti chenyewe, tairi la kushoto likiwa na upepo kidogo au mota moja imechoka, kiti kinavuta upande huo. Kama tairi zake ni za upepo pima zote mbili, kama ni za mpira mgumu angalia zimelika sawa. Halafu kaa wewe kwenye kiti, spidi ya chini, sukuma joistiki mbele moja kwa moja barazani palipo tambarare. Kikikuvuta kushoto na wewe, ni kiti, tafuta fundi. Kikienda sawa, basi ni jambo la pili na hilo ndo la kuliangalia sana.

Kiharusi kikilegeza upande wa kushoto wakati mwingine kinafuta kushoto kwenyewe. Jicho linaweza kuwa zima kabisa ila akili haipokei habari za upande ule, kwa mtu ni kama haupo, na mwenyewe hajui kwamba hajui ndo maana ukimwambia anabisha kwa dhati. Mchunguze bila kumpa mtihani. Muandalie wali kwenye sahani pana, nyama ziweke kushoto. Akimaliza nusu ya kulia akasema mbona leo hamna nyama, umepata jibu. Angalia pia akinyoa, shavu la kushoto linabaki na ndevu? Ukimsalimia kutoka kushoto anageuka au anakutafuta kulia? Ukiona dalili hizo mpeleke akaangaliwe na watu wa mazoezi ya viungo, hospitali yoyote yenye kitengo hicho, CCBRT pale Msasani wanafanya, na waambie wazi kwamba anaendesha kiti cha umeme maana wao wanaweza wasiulize. Kuna mazoezi ya kumfundisha kugeuza shingo kushoto kwa makusudi kila baada ya muda, na dereva wa lori hiyo ataielewa haraka, mwambie ni kuangalia sait mira. Mpaka hapo barabarani asiende peke yake, atembee na mtu na huyo mtu akae kushoto kwake, sio nyuma. Kama hali ni kubwa sana daktari atasema na hapo utakuwa na neno la daktari mkononi sio vishikio.

Na ulizia dawa zake za presha kama zinamlewesha asubuhi, na kama amewahi kupata degedege tangu kiharusi. Akiwa na kizunguzungu siku hiyo kiti kinapumzika. Hilo hata kwenye lori analijua.

Haya. Mtoto na vidole. Kiti kama hicho kinaweza kwenda kilomita 8 kwa saa, hiyo ni mtu anatembea kwa kukimbia kimbia, na chenyewe na betri zake na mzee juu yake kinaweza kuwa kizito kuliko bodaboda. Kwenye kile kisanduku cha joistiki kuna kitufe au kirungu cha spidi. Ndani ya nyumba ni chini kabisa, kobe, viti vingine vimechorwa hata kobe na sungura pale. Spidi ndogo pia inafanya joistiki isiwe kali, ukigusa kidogo kinasogea kidogo. Nje atapandisha. Hii muwekee kama sheria ya yadi, kila yadi ya malori ina spidi yake ya ndani na baba yako ameitii miaka yote bila kuona ameonewa.

Ya kwa Mangi ndo kosa la kila mtu, mimi nimelifanya, nimezoa meza ya mama mmoja wa vitumbua na mafuta yalikuwa ya moto, bahati alikuwa ameinama upande mwingine. Ukisimama unazima. Unatoa hela, unazima. Unapokea simu, unazima. Unahamia kitandani au chooni, unazima kabla hujainua hata kalio, maana pale ndo mtu anashika kisanduku cha joistiki kama nguzo. Kitufe kimoja tu. Na asitundike mfuko wala fimbo kwenye joistiki, na koti la mikono mipana aache au akunje. Kina mama mnaosoma hapa na mko kwenye viti, dera na baibui ndo adui yenu, pindo likiingia kwenye gurudumu linakuvuta chini kabla hujapiga kelele, likusanyeni mlikalie.

Ila kuzima ni ukiwa UMESIMAMA. Kikiwa kwenye mwendo unaachia joistiki, kinasimama polepole chenyewe. Ukibonyeza kuzima wakati kinaenda breki zinabana ghafla na wewe unaendelea na safari bila kiti. Hiyo iwe ya dharura tu, joistiki imekwama, kiti kinakimbia hakisikii. Na mkanda wa kiunoni afunge. Najua atakataa, mwambie hata Scania ina mkanda.

Sasa milima. Hapa ndo Kimara yenu inanitisha. Ile siku ya mchele naijua ladha yake, mimi nilipinduka chali mwaka wa kwanza kwa sababu hiyo hiyo ila mimi ilikuwa begi la vitabu, napanda rampu ya duka moja la dawa, nikaona mawingu. Mzigo wa nyuma unahamisha uzito wote nyuma ya magurudumu, ukipanda mlima unamalizia. Kilo kumi nyuma hapana, hata tano. Mzigo ukae mapajani au chini ya kiti kama kuna nafasi, ama bodaboda alete. Nyuma ya kiti pale chini kuna vigurudumu viwili vidogo vinaning'inia havigusi ardhi, vipo? Vile ndo vinazuia kiti kupinduka kinyumenyume. Mafundi wetu wanavitoa maana vinagonga gonga kwenye matuta. Kama vimetolewa virudishwe na kama havipo milima isahauliwe.

Kupanda anainamia mbele kidogo, spidi ndogo ya kuendelea, haanzi kwa kuruka. Kushuka anaegemea nyuma, uso mbele, polepole. Anakata mlima moja kwa moja juu au chini, hakati mshazari wala hageuzi katikati, kiti ni chembamba kinalala ubavu. Na asishuke kinyumenyume, akifunga breki hapo kinapinduka nyuma. Kila kiti kina kiwango cha mlima kimeandikwa kwenye kitabu chake, vingi ni kati ya nyuzi 6 na 10. Kitabu najua hamna, kilibaki Ohio, kaka yako aandike namba ya modeli kwenye intaneti akipakue. Halafu chukua simu yako, zina programu ya pimamaji, ilaze kwenye ubao ulionyooka juu ya mlima wenu isome nyuzi. Mlima ukizidi basi safari ya kijiweni inatafutiwa njia nyingine hata kama ni ya kuzunguka, na hapo mwache mzee aitafute mwenyewe, ruti ni kazi yake.

Uani kwako umesema kuna mteremko mpaka getini, na kushuka toka barazani kiti kinataka rampu. Wakati wa kutengeneza rampu mwambie fundi kwa kila sentimita 1 ya kupanda aende mbele sentimita 12, kibaraza cha sentimita 20 kinataka rampu ya mita 2 na sentimita 40. Fundi atasema ni ndefu mno, inakula uwanja, atakuwekea ubao wa mita moja umalize. Kataa. Pembeni iwe na ukingo mdogo gurudumu lisitoke, na juu pasisilibwe kwa nili ikang'aa kama sebule, mvua ya kwanza tu inateleza.

Barabarani hana tofauti na mtembea kwa miguu isipokuwa haonekani, kichwa chake kiko usawa wa boneti. Kama hamna njia ya waenda kwa miguu aende upande anaotazamana na magari yanayokuja. Mfungie bendera nyekundu au ya chungwa kwenye fimbo ndefu nyuma, na ile fulana ya kung'aa ya bodaboda, na kabla ya magharibi awe amerudi. Kwenye mifuniko ya mitaro yenye nondo aikate kwa kunyooka, akipita mshazari vigurudumu vya mbele vinaingia kwenye nafasi na ndo kwaheri. Mabasi ya mwendokasi asubiri kwanza, namjua atataka Kariakoo wiki ya pili tu.

Umeme. Hii chaja mpya isome mgongoni, pale pa kuingiza umeme iandikwe volti 100 mpaka 240, au 230, ya kule ni 115 au 120 ndo maana ikatoa moshi, na zingine zina kiswichi cha kubadilisha ambacho hamkukiona labda. Betri za viti vingi ni mbili za volti 12 zimeungwa kuwa 24, zimezibwa hazimwagi. Fundi akikwambia tuweke za gari ni rahisi, mfukuze, za gari zina maji ya tindikali na hazikutengenezwa kuisha na kujazwa kila siku. Achaji kila siku aliyotumia, asisubiri ziishe, za aina hiyo ukiziacha tupu zinakufa. Na hizi wiki tatu kiti kilipokuwa kimekaa, hakikisha mlikuwa mnachaji maana hapo ungeua betri kweli na uongo wako ungegeuka ukweli. Soketi yake peke yake ukutani, hiyo ekstensheni ya feni na tv mnayotumia wengi mnajijua, hapana. Mahali pana hewa, mbali na jiko la mkaa, zikichajiwa zinaweza kutoa gesi inayoshika moto. Kama ni za lithiamu basi mchaji mkiwa macho, ikivimba isitumike tena. Umeme ukikatika chomoa, ukirudi ndo uchomeke. Na taa za chaji zikifika nusu yeye ageuze arudi nyumbani, mlima unakula betri kuliko tambarare.

Mvua, joistiki ifunikwe na kitu kisichopitisha maji, na kisioshwe kwa mpira wa maji kama bajaji. Kikibebwa kwenye gari washike chesisi, sehemu za kuwekea mikono zinachomoka zikabaki mkononi mwenu kiti kiko chini, na yeye akae kwenye siti ya gari sio juu ya kiti.

Narudi kwenye vile vishikio maana sitaki uvichukie. Wafundishe wale vijana wa bodaboda waliomdaka. Siku kiti kimekufa katikati ya barabara watakuja wanne wakiburute na breki zimebana, waharibu mota na mgongo wa mzee. Mmoja ashike mipini ya nyuma KWANZA kwa nguvu, ndo mwingine ageuze vishikio, wasukume mpaka pembeni, vishikio virudishwe, ndo mipini iachiwe. Mpangilio huo huo hata kama ni uwanjani kwako. Na muonyeshe baba mwenyewe awe anavikagua kila asubuhi kabla ya kuwasha, kama alivyokuwa anazunguka lori anapiga tairi teke. Taa zikipepesa, kitu cha kwanza kuangalia ni hivyo, nashangaa hakuna aliyemwambia, au tuseme aliyejua alikuwa mmoja.

Jumamosi panga ndoo uani palipo tambarare, sio kwenye ule mteremko, tano au sita, nyingine kushoto kwake kwa makusudi. Apite katikati, asimame, azime, arudi nyuma akiangalia, apite mlangoni bila kugusa. Mwanao akae barazani ahesabu ndoo zilizoanguka. Usimwambie ni mafunzo, mwambie yule mtoto anataka kuona babu anavyopaki lori.

Na kaka yako mpigie usiku huu, kwao ni mchana, kabla hajalipia hizo betri.

Mjomba